Honi Iliyolia Kwenye Kona

Honi ya gari la baba ingekufa moja kwa moja tungenunua nyingine, mambo yakaisha. Tatizo ni kwamba ililia inapotaka yenyewe. Leo unaigusa tu, mtaa mzima unageuka. Kesho mtu anakukatiza mbele na baiskeli, kabeba mwenzake na gunia la mkaa, unabonyeza mpaka dole gumba linauma, kimya. Na anayeijua Tanga anajua habari ya baiskeli zake. Dereva asiye na honi mtaani Ngamiani anaendesha kwa kutoa kichwa dirishani na kuomba radhi.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen Beetle ya mwaka 1970, rangi ya krimu. Baba, mwalimu wa hesabu, aliliuziwa na karani wa shamba la mkonge aliyekuwa anastaafu. Watoto tulilipenda kwa vituko vyake: injini iko nyuma, betri iko chini ya kiti cha nyuma, na maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la spea. Ukisahau kulijaza spea upepo, huoshi kioo. Sijaona tena gari lenye akili ya namna hiyo.

Jambo la honi lilifika pabaya ilipokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, magari yalipoanza kukaguliwa ili yapewe stika. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimekaa kiti cha mbele. Askari akakagua matairi, taa, wipa, kila kitu sawa.

"Haya Mwalimu, piga honi."

Baba akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akatabasamu lile tabasamu alilokuwa akiwapa wakaguzi wa shule. Kimya. Askari akatuonyesha kwa mkono tutoke kwenye mstari, tukatengeneze kwanza. Baba akakata usukani kulia ili atoke, mkono bado uko kwenye kitufe kwa hasira, na hapo honi ikalia sentimita chache kutoka kwenye kiuno cha askari. Yule bwana aliruka. Kofia ikaanguka. Stika hatukupata, na sidhani kama siku ile tungeipata hata honi ingeendelea kulia mpaka jioni.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye haraka. Aliinama chini ya madigadi, akaiona honi imeshika kutu, akatoa hukumu pale pale: "Hii imeliwa na chumvi ya bahari, Mwalimu. Weka mpya." Ikawekwa mpya. Ikajaribiwa papo hapo gereji, ikalia vizuri kabisa. Baba akalipa. Tukaingia barabara iliyonyooka, akabonyeza kuonja mali yake, kimya kile kile. Ilinibidi nigeuke niangalie nje, maana kucheka kungeniletea balaa. Gereji ile ilikuwa imebana, na gari lilikuwa limeegeshwa pembeni ya ukuta, magurudumu yamekatwa kulia. Wakati ule hakuna aliyelitilia maanani hilo.

Wa pili alikuwa mzee wa umeme wa magari aliyefanyia kazi chini ya mwarobaini, karibu na soko la Ngamiani. Hakuwa na kibao wala banda. Alikuwa na kopo la spana, pasi ya kulehemu ya mkaa, na balbu ya indiketa aliyoiunga nyaya mbili. Hiyo balbu ndiyo ilikuwa daktari wake.

"Shikamoo mzee," baba alisema.

"Marahaba Mwalimu. Inalia wapi, isilie wapi?"

Baba akaanza kueleza habari ya honi mpya. Mzee akamkatiza kwa upole, akarudia swali lile lile. Mimi, niliyekuwa nimekaa kimya muda wote kama inavyompasa mtoto, nikasema, "Babu, inalia tukikata kona. Kona ya kulia." Mzee akanitazama, akanipa balbu niishike. Toka hapo nilikuwa msaidizi.

Alianza na fyuzi. Fyuzi za magari yale ni vijiti vidogo, utepe wa chuma uko nje, ncha zote mbili zimechongoka. Ukanda wa pwani haupatani nazo. Zinaota ukungu wa kijani mahali zinaposhikwa, umeme unapita kwa kusitasita. Akazizungusha moja moja kwa kidole, akaipiga msasa iliyokuwa chafu zaidi. Honi haikubadilika, wala hakutegemea ibadilike. Alisema tu kwamba huwezi kuingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi.

Kisha akaifungua honi mpya kwa spana namba 13, akairudisha ile ya zamani aliyoiona imetupwa sakafuni nyuma ya kiti. Akaipeleka nyaya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikalia, kavu kidogo, lakini ikalia. Akaifunga mahali pake, swichi ikawashwa, akaweka balbu kwenye waya mmoja wa honi na ncha nyingine kwenye bodi. Ikawaka mkononi mwangu: moto, yaani umeme, unafika. Akachukua waya wa pili, ule wa kahawia, akaugusisha kwenye chuma kitupu cha gari. Honi ikapiga kelele, kuku wa jirani wakatawanyika.

"Sasa honi nzima, moto upo," alisema. "Kinachokosekana ni njia ya kurudi."

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi gari lile lilivyosukwa. Kitufe cha usukani hakipeleki moto kwenye honi. Moto uko kwenye honi muda wote swichi ikiwa imewashwa. Kitufe kazi yake ni kuupa njia ya kushuka ethi, yaani kwenye chuma cha gari kinachourudisha kwenye betri. Bomba la usukani limetengwa na bodi kwa makusudi, kwa sababu chini, kabla ya kufika kwenye boksi ya usukani, kuna kiungo cha mpira, duara nene mfano wa chapati, linalozuia mitikisiko ya barabara isifike mikononi. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo Wajerumani wakapitisha waya mwembamba katikati ya bomba, kutoka kwenye kitufe hadi ng'ambo ya ule mpira. Honi nzima inautegemea waya ule.

Akafungua boneti ya mbele, akatoa spea, akafungua kifuniko kidogo, akaingiza mkono mpaka begani. Alipapasa akiwa ameangalia juu, macho yamefumba nusu. Waya ukatoka, na kwa macho ulikuwa mzima. Akaushika kwa vidole viwili karibu na kichwa chake cha kufungia, akaukunja. Ulikunjika kama kitu kisicho na mfupa. Kopa, ile shaba inayopitisha umeme, ilikuwa imekatika ndani, ganda la nje limebaki zima. Ukikata usukani kulia gari likiwa taratibu, mpira unajikaza, ncha mbili za kopa zinabusiana, honi inalia. Ukinyoosha, zinaachana.

Aliukata pale palipooza, akaunga kipande kipya kwa risasi, akakiacha kirefu kidogo kijikunje bila kuvutika, akapiga msasa chuma kilichopokea ethi, akapaka grisi. Halafu akageukia sauti. Nyuma ya honi ya zamani kulikuwa na skrubu ndogo iliyozibwa kwa rangi. Akaichokoa, akaizungusha kidogo kidogo, mimi nikibonyeza kitufe kila aliponiashiria. Ilikwaruza, ikakoroma, ikafika mahali ikatoa ule mlio mwembamba wa Volkswagen ambao nilikuwa sijawahi kuusikia ukiwa safi. Baba alikuwa ameegemea mwarobaini, hasemi kitu. Bei aliyotajiwa aliilipa bila kuomba apunguziwe, na baba yangu alikuwa mtu wa kupatana hata bei ya kiberiti.

Tuliporudi kwenye ukaguzi tukamkuta askari yule yule. Hakuridhika na honi kulia mara moja. Alimwamuru baba akate usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, anyooshe, huku anabonyeza. Na safari hii alisimama mbali. Ikalia kote. Akabandika stika.

Honi mpya baba alimpa bamdogo aifunge kwenye pikapu yake ya Peugeot. Ya kwake ilikuwa imeungua kweli.