Vita vya kuigiza, giza la kweli: siku moja maishani mwangu

Saa 4 asubuhi. Siku ya kazi ya usiku naianza nimechelewa, tena kwa makusudi. Macho yaliyoamka alfajiri huwa yamechoka inapofika saa nne usiku, na macho ndiyo kifaa changu cha kwanza. Napanga vitu mezani: kamera mbili, lenzi ya milimita 50 na ya milimita 85, betri sita, taa mbili ndogo za LED, tochi, kitambaa cheusi, na karatasi angavu za rangi ya chungwa za kufunika taa. Flashi inabaki kabatini. Ukimmulika askari kwa flashi ya mbele, anaonekana kama aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho.

Kazi yenyewe: kundi la waigizaji linataka picha sita za bango la tamthilia yao, askari wanaongoja ndani ya handaki usiku kucha. Sharti langu lilikuwa moja tu, sare zisiwe na bendera wala nembo ya jeshi lolote. Picha ikishatoka mkononi mwako huijui safari yake. Unaweza kuamka kesho ukaikuta imebandikwa kwenye habari ya mapigano ya kweli, na watu wanailia.

Saa 6 mchana. Sare zimefika, nami nimekasirika. Tuliomba chakavu, tumeletewa mpya zilizopigwa pasi, mikono ina mistari iliyonyooka kama rula. Mwenye kuzikodisha anasema "ndizo zilizopo". Basi, tunazizeesha wenyewe. Msasa kwenye magoti na viwiko. Udongo mkavu uliochekechwa, unapakwa kwa brashi na kukung'utwa, unapakwa tena. Nyuma ya kola nachora kwa maji ya chumvi mazito, kisha naacha yakauke. Jasho la siku nyingi huacha mstari mweupe pale shingo inapogusa kitambaa, na mtazamaji anauamini mstari huo hata asipojua ameuona.

Damu bandia sipaki. Waigizaji waliitaka sana, nikakataa. Katika mwanga hafifu damu inageuka doa jeusi tu, mtu anaonekana amemwagikiwa na grisi.

Saa 9 alasiri. Tuko kwenye ghala tulilopewa. Bunduki ni za mbao na mpira, lakini nazishika moja moja mwenyewe kabla ya mtu yeyote kuzigusa, na kanuni ni ileile ya silaha ya kweli: hakuna kumwelekezea mtu mtutu, hata kwa utani, na hakuna kutoka nazo nje ya mlango. Majirani na polisi tuliwapa taarifa mapema. Mtu akichungulia jioni akaona watu wenye sare wanapita gizani na kitu begani, hatauliza kama ni cha mbao.

Saa 11 jioni. Madirisha yamezibwa. Hapa ndipo kazi yangu ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nataka ionekane kwamba handaki zima linaangazwa na taa moja ya mafuta. Mwali wa namna hiyo una joto la rangi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga (namba ndogo ni wekundu, kubwa ni ubuluu), la Kelvin 2,000 hivi, wakati mwanga wa mchana ni kama 5,500. Kamera ukiiacha ijichagulie mizani ya weupe, yaani mwanga upi iuhesabu kuwa mweupe, itajitahidi "kurekebisha" ile rangi ya chungwa na kukurudishia uso wa kijivu. Kwa hiyo naifunga kwenye 3,200, wekundu unabaki. Ndani ya taa ya mafuta nimeficha LED iliyofungwa karatasi ya chungwa. Ya pili iko nyuma kabisa, dhaifu, inauchoma moshi kwa nyuma. Moshi ukimulikwa kwa mbele unakuwa ukuta mweupe. Kwa nyuma unakuwa hewa.

Mwanga una hesabu yake: uso ukiwa mita 1 kutoka kwenye taa, ukirudi hadi mita 2 unabaki na robo tu ya mwanga, si nusu. Ndiyo maana askari wa nyuma wanamezwa na giza bila mimi kufanya kitu.

Saa 1 usiku. Mashine ya moshi imetapika kupita kiasi. Dakika ishirini tunapepea kwa mabango ya karatasi ngumu, tunacheka.

Saa 2 usiku. Lenzi ya 85, tundu la kupitishia mwanga f/2, yaani wazi sana, shata inafunguka kwa 1/125 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 3200. Kwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali haifiki hata sentimita 4: jicho limo, sikio halimo. Fokasi ya kamera inahangaika gizani, inakwenda na kurudi, basi msaidizi anamulika jicho kwa tochi, naifunga fokasi, anazima, napiga.

Picha thelathini za kwanza zimeharibika, na kosa ni langu la miaka yote. Macho yakishazoea giza, kioo cha kamera kinang'aa kama mchana, unajipongeza, kumbe picha ni nyeusi. Nafungua grafu ya mwanga: mlima wote umelalia kushoto, upande wa giza. Napunguza ung'avu wa kioo, napandisha ISO hadi 5000, tunaanza upya.

Kisha kuna nyuso. Kijana wa kwanza anakunja sura, anatoa meno. "Ndugu yangu, unamtisha nani? Hapa tuko mimi na ukuta." Hisia siombi tena, natoa kazi. Nikampa sindano, uzi na kifungo kilichokatika. "Kishone." Hakuna zaidi.

Alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akakosa tundu. Akakosa tena. Taratibu, bila kuambiwa, akainama kuelekea taa, kwa sababu haoni, na ile hesabu ya mwanga ikafanya mengine: kila alivyosogea uso ukawaka, mabega yakazama. Paji likakunjamana lenyewe. Nilipiga kumi na nne, pumzi nimeibana.

Saa 5 usiku. Tukikunja nyaya, mwigizaji mkubwa wao, mzee wa maneno machache, ananiuliza kama hatudanganyi watu. "Mzee wangu," namwambia, "bango la tamthilia linajulikana ni la tamthilia." Kisha namsimulia habari ya Alexander Gardner, mpiga picha wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: mwaka 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg, maiti ya askari ilihamishwa na bunduki ikaegeshwa karibu naye ili picha ipendeze, ikauzwa kama ilivyokutwa. Mzee anatikisa kichwa, anaendelea kukunja nyaya.

Saa 7 usiku. Nyumbani. Nakala mbili za faili zote kwanza, kunawa baadaye. Ndani ya kila faili naandika: "Picha ya kuigiza. Silaha bandia." Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa napunguza kidogo tu, ukizifuta zote ngozi inakuwa nta.

Picha ya sindano naikuza hadi asilimia mia. Jicho kali, uzi unang'aa, chumvi ya kola inaonekana. Na kwenye mkono wa kushoto, kutoka begani hadi kiwiko, mstari wa pasi.