Efteling wakati wa baridi: siku ya Desemba Kaatsheuvel

Tulishuka kwenye treni 's-Hertogenbosch, kama saa moja kutoka Amsterdam, kukiwa bado na giza la asubuhi. Desemba huko Uholanzi jua huchomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo siku ni fupi kuliko unavyodhani unapoipanga ukiwa umekaa mezani. Basi la kwenda Efteling, bustani ya michezo iliyoko Kaatsheuvel, huanzia nje ya stesheni. Njia nyingine ni kupitia Tilburg, ambako basi ni fupi zaidi. Kadi ya benki inatosha kwa nauli, ila unagusa mashine unapopanda na unagusa tena unaposhuka. Kwenye treni hivyo hivyo: gusa kumaliza safari ya treni kwenye lango la stesheni kabla hujagusa kuanza ya basi.

Efteling ilifunguliwa mwaka 1952 kama msitu wa hadithi uliochorwa na Anton Pieck, na kwa miaka mingi ilifungwa baridi ilipoingia. Mwaka 1999 ikaanza kufungua majira ya baridi, na tangu 2010 haifungi mwaka mzima. Hapo ndipo wageni wengi hukosea: wanadhani kufunguliwa kwa bustani ni kufunguliwa kwa kila kitu. Piraña, mitumbwi ya duara inayorushwa na maji ya kasi, hulala msimu huu. Mchezo wowote wa maji husimama maji yakianza kuganda. Pagode, jukwaa linalopandishwa angani kwa mkono mrefu wa chuma, hutegemea upepo. Baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, michezo mingine hufungwa kwa zamu ili ifanyiwe matengenezo. Orodha ya vilivyofungwa hutangazwa kwa tarehe. Isome kabla ya kununua tiketi, kwa sababu tiketi nayo ni ya tarehe maalumu na bei hubadilika siku kwa siku.

Nyuzi joto zilikuwa 2 tulipopita chini ya mapaa yaliyochongoka ya lango kuu. Mtu wa Makete au Limuru ataicheka namba hiyo, na atakuwa amekosea. Baridi ya kwao hupungua jua likipanda. Hii haipungui, ina unyevunyevu, na unaipokea ukiwa umesimama kwenye foleni dakika 40. Huanzia chini: sakafu ya mawe hunyonya joto kupitia soli. Viatu vya soli nene vina faida kuliko koti la bei kubwa, na soksi ziwe za sufu, jozi moja. Ukivaa mbili kiatu kinabana, damu haipiti vizuri, vidole vinakufa ganzi haraka zaidi. Fulana ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba ikishika jasho haikauki. Na jasho litakuwepo, maana unaingia jengo lenye joto ukiwa na makoti yote, unatoka umelowa mgongo, kisha upepo unamalizia kazi. Fungua zipu mara tu unapoingia ndani, hata kama bado unatetemeka.

Skafu ndefu iache. Kwenye rolakosta, treni za kasi zinazopanda na kuporomoka vilima vya reli, utaambiwa uivue, na ni haki, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa. Shali ya mviringo isiyo na ncha inafanya kazi ile ile. Simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ikipoa inaweza kuzima ikionyesha bado ina asilimia 30, na tiketi yako imo humo. Sisi tulikuwa na nakala ya karatasi.

Sasa foleni. Wakati wa joto watu hujazana kwenye michezo ya nje. Baridi huigeuza bustani: wote wanakimbilia penye paa. Droomvlucht, safari ya dakika kama 6 katikati ya viumbe wa ndotoni, na Symbolica, kasri ambamo vigari hutembea bila reli, ndiyo yanayojaa kufikia saa 6 mchana. Kwa hiyo tuliyaanza hayo milango ilipofunguliwa, kisha Danse Macabre iliyofunguliwa Oktoba 2024, ambapo watu 108 huketi kwenye jukwaa moja linalozunguka na kuinama. Mwenye miwani afute vioo kabla ya kukaa, la sivyo mwanzo wote wa safari atauona kupitia ukungu.

Rolakosta tuliziweka kati ya saa 7 na saa 9 mchana, si kwa sababu ya wingi wa watu tu. Magurudumu ya treni hizi yamevikwa plastiki inayonepa kidogo. Ikipoa hukakamaa, na grisi ya beringi nayo inakuwa nzito. Treni inapoteza mwendo, na ikiupoteza kupita kiasi inaweza isifike juu ya kilima kinachofuata, ikabaki imekwama bondeni na abiria ndani. Ndiyo maana asubuhi ya baridi mafundi huzungusha treni tupu mara nyingi hadi magurudumu yapate moto, na ndiyo maana mchezo wa nje unaweza kuchelewa kufunguliwa bila kuwa umeharibika. Mchana utaikuta treni ikienda inavyotakiwa.

Baron 1898, iliyofunguliwa 2015, inakupandisha mita 30, inakusimamisha ukingoni ukitazama shimo la mgodi lililojaa ukungu, kisha inakuangusha mita 37.5 kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa. Kwa hesabu ya kawaida ya baridi ya upepo, nyuzi 2 kwa kasi hiyo ngozi ya uso huihisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kavu, inavumilika. Kukiwa na manyunyu, kila tone ni sindano: inamisha uso na ufumbe macho. Viti havina sakafu, kwa hiyo kaza kamba za viatu. Mtoto awe na urefu wa mita 1.32, kwa Joris en de Draak, treni mbili za reli ya mbao zinazoshindana, mita 1.10 inatosha. Zote mbili zina foleni ya wanaokubali kukaa peke yao, na hiyo ndiyo njia ya mkato.

Chakula hakinihangaishi sana, ila mambo mawili yafaa kujulikana. Supu nzito ya njegere inayouzwa kila mahali Uholanzi msimu huu kwa kawaida hupikwa kwa nyama ya nguruwe, na kinywaji chekundu chenye harufu ya mdalasini na karafuu ni divai iliyochemshwa. Anayejizuia na hivyo ana oliebollen: ndugu wa kalmati, wakubwa kama ngumi, wenye zabibu kavu ndani na sukari ya unga juu. Ukila ukicheka, sukari yote inahamia kwenye koti.

Msitu wa hadithi tuliuacha hadi saa 10 na nusu makusudi. Mchana wa Desemba miti haina majani na unaona nyaya na mapaa. Giza likiingia taa huficha hayo yote. Langnek, sanamu ya mtu wa hadithi mwenye shingo ndefu, hurefusha shingo yake juu ya vichaka vyeusi, na Holle Bolle Gijs, yule bonge mwenye mdomo wazi anayemeza takataka, husikika akidai karatasi hata kabla hujamwona. Njia huteleza kwa majani yaliyooza, hasa kwenye madaraja madogo. Tembea taratibu. Maua ya maji ya Kihindi, onyesho la hadithi mojawapo, yamo ndani ya jengo, kwa hiyo yaweke katikati ya mzunguko vidole vikiwa vimeshaanza kuuma.

Mioto ya kuni huwashwa sehemu mbalimbali. Isogelee, lakini si kwa koti la nailoni, maana cheche moja huacha tundu. Na glavu zilizolowa usizikaushie hapo zikiwa mkononi: maji yaliyomo hupata moto ghafla na kukuunguza. Zivue, uweke mikono kwapani, uvae jozi ya akiba. Saa ya mwisho kabla ya kufungwa foleni za ndani hulegea, wenye watoto wakiwa wameshaondoka, na tukarudi Droomvlucht mara ya pili tukitembea moja kwa moja hadi kwenye vigari.

Ratiba ya mabasi tuliitazama mapema, kwa kuwa baada ya kufungwa wote hutoka kwa pamoja na basi la kwanza hujaa. Tulitoka dakika 15 kabla, tukapata viti.