Kabla ya Kurusha Picha ya Mtu Usiyemjua

Wapo wanaoamini kwamba mtu akishatoka nje ya mlango wa nyumba yake, sura yake imekuwa mali ya kila mwenye simu. Hoja yao ni fupi: barabara ni ya wote, na kilichoonwa na watu mia hakiharibiki kwa kuonwa na wa mia na moja. Mimi hupiga picha za mitaani, hasa Mji Mkongwe wa Unguja na Kariakoo, na hoja hiyo sijawahi kuikubali. Aliyepita sokoni ameonwa na waliokuwapo, kwa muda ule aliopita, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Picha iliyorushwa mtandaoni humfikisha mbele ya mwajiri wake, wakwe zake, mume aliyemkimbia na majirani wa kijijini kwao, tena ikiwa na maneno ambayo mtu mwingine kabisa ameyaandika chini yake. Ndiyo maana naona kwamba adabu ya kupiga picha huanza kwenye lenzi, lakini mzigo wake mkubwa uko kwenye kurusha.

Chukua mnada wa samaki wa Darajani. Dalali anayenadi kolekole na nguru kwa kawaida hana neno na kamera. Wengine wakiiona huinua samaki juu zaidi na kupaza sauti. Hatua mbili kutoka hapo amesimama mwanamke aliyekuja na ndoo yake kununua samaki wa kwenda kukaanga na kuuza, naye akiona lenzi imemwelekea huvuta mtandio mpaka puani na kugeuka. Kugeuka kule ni jibu kamili. Halihitaji kusubiriwa litamkwe. Nilimsikia mama mmoja akimwambia kijana aliyekuwa bado anamzunguka kutafuta upande wenye mwanga: “Mwanangu, mimi si samaki. Wapige hao waliolazwa mezani.” Watu walicheka, kijana naye akacheka, lakini simu ilishuka.

Maneno mengine yanayosikika sana ni haya: “Mnatupiga, halafu mnakwenda kutuuza.” Wageni huyachukulia kama ushirikina au tamaa ya pesa, ilhali yana historia. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja, ikiwamo ile ya A. C. Gomes, zilitengeneza postikadi za wenyeji zikauzwa kwa wasafiri. Nyingi kati yake zimeandikwa kabila la mtu au kazi yake, na jina lake halimo. Sura ya mwanamke wa Ng’ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilivuka bahari na kuuzwa, na sidhani kama kuna aliyerudi kumwonyesha ilikofika. Hata hivyo si kweli kwamba watu wa Pwani waliichukia kamera. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilipokea wateja waliovaa nguo zao bora, wakachagua namna ya kukaa na wa kukaa naye, kisha wakaondoka na picha mikononi. Tofauti ya picha hizo mbili ni nani aliyeamua.

Sheria nayo imeanza kuifikia simu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, nayo imeshauma: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Sheria hiyo haigusi matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani, na imetoa nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa. Kwa hiyo albamu yako haina shida, lakini picha hiyohiyo ukiitumia kutangaza duka la nguo, mambo yamebadilika. Ndugu zetu walioko Dubai ndio wanaopaswa kuwa macho zaidi, maana sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inayohusu uhalifu wa mtandaoni inaweka kifungo kisichopungua miezi sita, au faini ya kuanzia dirhamu 150,000, kwa anayempiga mwenzake picha na kuisambaza bila ridhaa yake kwa kuingilia faragha. Kumrekodi mtu anayegombana kwenye foleni ili mcheke kwenye kundi la WhatsApp ni mchezo ghali sana kule.

Mpiga picha naye ana hatari zake. Ukiwa Feri, Dar es Salaam, unapiga mashua na wachuuzi, kumbuka kwamba Ikulu ya Magogoni iko jirani, na askari akikuuliza unaelekeza wapi kamera hatakuwa na muda wa kusikia habari za mwanga wa asubuhi. Ghadhabu ya wafanyabiashara ndogondogo huja kwa kasi zaidi. Machinga aliyepanga bidhaa mahali asiporuhusiwa akiona mtu asiyemjua anapiga picha, haoni msanii. Anaona ushahidi wa mgambo. Akipaza sauti, wenzake watakuja kabla hujamaliza kujieleza. Mimi hapo huanza na salamu, hununua kitu hata kama ni soksi, na kamera hubaki shingoni, mahali inapoonekana. Kamera iliyofichwa chini ya kwapa ndiyo inayoleta ugomvi.

Wenzangu hubisha kwamba kuomba ruhusa kunaua picha, kwamba mtu akishaombwa hunyoosha shingo kama yuko kwenye pasipoti. Ni kweli, hutokea. Sioni ubaya wa kupiga kwanza pale tukio linapopita haraka, mradi umfuate mwenyewe papo hapo, umsalimie kwa heshima yake, “Shikamoo babu, nimekupiga picha ukicheza bao, naomba uione,” kisha umwachie yeye neno la mwisho. Wengi huomba watumiwe. Ukichukua namba, tuma siku hiyohiyo. Wanaoishi kwa kupigwa picha, kama baadhi ya vijana wa Kimaasai katika fukwe za Nungwi, wanataka malipo, na naona ni haki yao: patana nao kabla, usijadili bei baada ya kupiga.

Kuna wasiopigwa hata kama wamekubali. Mtoto akikimbilia lenzi akicheka hajatoa ridhaa, kwa sababu ridhaa si yake kuitoa. Mtafute mzazi, au mwalimu wake kama yuko chuoni, yaani madrasa, na akikosekana iache. Mgonjwa, mlevi aliyelala barazani, mtu aliyevuliwa nguo na watu wenye hasira, majeruhi wa ajali: hawa simu ishushwe. Hapo siwezi kuona mjadala ulipo, kwani majeruhi anahitaji mkono ule ule ulioshika simu.

Halafu lipo suala la kufuta, ambalo wengi hulifanya nusu. Mtu akikuambia ufute, usibishane naye juu ya haki zako. Futa ukiwa mbele yake, na umwonyeshe. Lakini simu nyingi huihamishia picha iliyofutwa kwenye folda ya takataka na kuihifadhi kwa siku 30 au zaidi, na kama umewasha hifadhi ya mtandaoni huenda nakala imeshapanda. Fungua folda hiyo hapo hapo, ifute tena, kisha angalia na ile nakala. Na zile ulizoruhusiwa kuzirusha, kabla hujazirusha zima taarifa za mahali zilipopigwa, hasa kama nyuma ya mtu huyo kuna mlango wa nyumba anayoishi.