Laki mbili za Japani na bahasha ya Juni

Jana jioni nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha Kiingereza huku Japani, nikafungua kisanduku cha barua, nikakuta bahasha ya manispaa. Ndefu, nene, jina langu limeandikwa kwa katakana, herufi za Kijapani za maneno ya kigeni. Nilijua si heri. Ndani mna karatasi nne za kulipia: Juni, Agosti, Oktoba na Januari. Jumla yeni 101,200. Nilisimama ndani ya mlango na viatu mguuni, jambo ambalo hapa halifanywi, nikapiga hesabu ya nyumbani. Zaidi ya shilingi 80,000 za Kenya. Mamangu ana paa linalovuja kule Kisauni, Mombasa, na mvua ya masika ndiyo hii imepita.

Hii ndiyo kodi ya ukaazi. Wallahi hakuna aliyenieleza. Hukatwa kwa mapato ya mwaka uliopita, kwa hiyo mwaka wako wa kwanza hulipi kitu, unaona mshahara unaingia, unajiambia Japani mbona rahisi. Mimi nilifika Januari ya mwaka jana. Nikatuma pesa, nikanunua koti zuri la baridi, nikachangia arusi mbili. Kumbe deni lilikuwa likijilimbikiza taratibu, linanisubiri Juni hii.

Usiku nikampigia kaka yangu. Huku ilikuwa saa nne, kwao saa kumi alasiri. Kabla sijafika mbali akanikata: "Dada, wewe si walipwa laki mbili?"

Hiyo laki mbili imeniharibia udugu na watu wengi, kwa hivyo leo naiandika ilivyo. Mshahara wangu ni yeni 230,000 kwa mwezi. Geuza kwa shilingi, ndiyo, ni karibu laki mbili. Sasa toa. Nyumba ya chumba kimoja na jiko, nje kidogo ya mji wa Sendai, 48,000. Pensheni zaidi ya 17,000, na si hiari. Bima ya afya nayo iko pale pale, ingawa hiyo siilalamikii, maana ukiugua bima hulipa asilimia 70 nawe 30, na hakuna anayekuuliza pesa mlangoni kabla hujaonwa na daktari. Umeme, gesi, maji, simu, nauli. Wakati wa baridi kuna mafuta ya taa, dumu la lita 18 kwa zaidi ya yeni 2,000, nalo halimalizi wiki mbili ukiwa mtu wa pwani kama mimi usiyejua kulala na baridi. Kisha 50,000 za nyumbani kila mwezi, sijawahi kuruka. Kinachobaki ni changu, na ndicho kinacholiwa.

Na Agosti mshahara hulipwa nusu. Shule zimefungwa, na kampuni iliyoniajiri inasema kama hakuna vipindi hakuna mshahara kamili. Wengi mnadhani mwalimu mgeni huajiriwa na shule. Wengine ndiyo, wapo walioajiriwa na manispaa moja kwa moja, na wapo wa ule mpango wa serikali, JET, ulioanza 1987. Lakini wengi wetu tuko chini ya kampuni. Manispaa inailipa kampuni, kampuni inakulipa wewe, na ya katikati huyaoni. Mkataba wangu umeandikwa saa 29 na nusu kwa wiki. Nilipouliza kwa nini ile nusu, mwalimu mwenzangu kutoka Ufilipino, ana miaka tisa hapa, alinicheka kwa huruma akaniambia kwa kampuni ndogo kama yetu, isiyozidi watu 50, ukifika 30 watatakiwa kukuchangia bima na pensheni. Nusu saa hiyo ndiyo inayonifanya nijilipie yote mwenyewe.

Hata kuingia nyumba nililipa amana, halafu nikalipa kitu kiitwacho reikin, pesa ya kumshukuru mwenye nyumba kwa kukukubali. Hairudi. Sisi Mombasa twaijua, ni kilemba, lakini kilemba cha duka la Biashara Street, mtu ana faida anayoitazamia. Hiki ni kilemba cha chumba cha kulala.

Leo nilimaliza kazi mapema nikaenda manispaa. Nilikwenda na hasira. Mama mmoja wa dirishani, mtu mzima, alinipokea kwa mikono miwili, akasoma karatasi zangu, akaniuliza kwa simu yake inayotafsiri kama nina mtu ninayemtunza nyumbani. Nikasema mamangu, ana miaka 66. Akauliza nina risiti. Nikafungua simu, nikamwonyesha: kila mwezi, 50,000, mwaka mzima. Akazitazama moja moja. Kisha akaniuliza, polepole sana, hili ni jina la mama?

Si la mama. Ni la kaka. Mamangu hapendi mambo ya M-Pesa, husema akibonyeza vibaya zitapotea, kwa hiyo siku zote hutuma kwa kaka, naye humtolea. Na kaka ana kazi yake bandarini. Mamangu nimemlisha mwaka mzima, lakini kwa macho ya sheria sikumtumia hata yeni moja. Kwa mzazi wa nje ya nchi aliye chini ya miaka 70 wanataka uwe umemtumia 380,000 au zaidi kwa mwaka, kwa jina lake, na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha huyu ni mama yako, pamoja na tafsiri yake. Mimi nilituma 600,000. Ingekuwa jina lake, bili hii ingepungua kwa karibu yeni 33,000. Mama wa dirishani aliandika kila kitu kwenye karatasi, akapiga mstari chini ya neno "jina" mara mbili, akasimama na kuniinamia kana kwamba kosa ni lake. Nilimshukuru. Nilipofika nje nililia kidogo kwenye maegesho ya baiskeli.

Basi wewe unayepanga kuja, kabla sijasahau: tuma kwa jina la unayemtunza, na weka risiti. Soma mkataba, tafuta neno Agosti, tafuta idadi ya saa. Wa JET huomba kupitia ubalozi wa Japani, hakuna ada na tikiti wanalipa wao, ila angalia kama nchi yako imo mwaka huo, na ukipata ni miaka mitano basi. Yeyote anayekuomba laki ili akuunganishe na shule, mkimbie. Ndugu zangu wa Tanzania nanyi mjue hili mapema: viza ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hutaka uthibitishe kwamba umesomeshwa kwa Kiingereza miaka 12. Mimi nilipeleka cheti cha msingi, cha sekondari, cha chuo na barua za walimu wakuu. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili hapo atapata kazi kuhesabu, hata awe anakijua Kiingereza kuliko mimi.

Lakini pesa si ndiyo inayoniuma zaidi. Mimi ni mwalimu. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza sekondari miaka minane, darasa la wanafunzi 60 na zaidi, chaki mkononi, insha za kusahihisha hadi saa sita za usiku. Nilikuwa mtu ambaye akiingia darasani kitu kinatokea. Hapa naitwa sensei, yaani mwalimu, wazazi wananiinamia barabarani, na kazi yangu ni kusema "apple". Mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza, mimi ni wa pili, ndivyo ratiba inavyoandikwa hasa, T1 na T2. Anaeleza yeye kwa Kijapani, kisha ananigeukia, nasema neno, watoto wanalirudia, nasema tena, wanarudia. Kuna siku nahesabu: nimesema "Wednesday" mara 40. Sina leseni ya ualimu ya hapa, kwa hiyo darasa si langu. Kinachofundishwa, kinachotahiniwa, nani hajaelewa na kwa nini, hayo siulizwi. Nina shule tatu za msingi kwa wiki, na katika moja meza yangu ni ile iliyo kando ya mashine ya kuchapa, kila mtu hupita na karatasi zake juu ya chai yangu.

Kiingereza kimekuwa somo kamili kwa darasa la tano na la sita tangu 2020, kwa hiyo walimu wengi wa darasa nao wametupiwa kitu ambacho wao hawakusomea kukifundisha. Nawaonea huruma. Wanafika alfajiri wanaondoka usiku. Silaumu mtu wa shuleni.

Wa kampuni ndiye ninayemlaumu. Wiki moja kabla sijaanza alinipigia akaniuliza kama ningeweza kuuvua mtandio darasani, watoto wasije wakaogopa. Nikasema hapana. Siku ya kwanza, darasa la pili, msichana mdogo alinyoosha mkono akauliza nina mitandio mingapi. Nikasema mingi. Akauliza ya rangi gani. Basi tangu hapo nikikanyaga tu mlangoni watoto 30 wanapiga kelele kwa Kiingereza, kijani, buluu, zambarau, na asiyekubaliana na mwenzake wanabishana. Rangi zote wamezijua kwa mitandio yangu, hakuna kadi iliyowafundisha.

Naibu mwalimu mkuu, mzee mkimya, aliposikia natoka Kenya alisema neno moja: "Wanjiru." Akanyamaza, kisha akaeleza kwa mikono jinsi alivyomwona marehemu Samuel Wanjiru akikimbia mbio za kupokezana, kijana mdogo wa sekondari hapa hapa Sendai, miaka sita kabla ya ile dhahabu ya marathoni ya Beijing 2008. Sikujua kama kuna mtu wa Miyagi, mkoa huu wa Sendai, anayemkumbuka kwa uchungu namna ile.

Na sasa niseme la chakula. Shuleni hapa watoto wote hula chakula kimoja, darasani, na mwalimu hula nao. Watoto wenyewe huvaa makoti meupe na kofia, hubeba masufuria, hugawa. Baada ya hapo hufagia, hupiga deki korido kwa matambara wakiwa wameinama, huosha choo. Watoto wa miaka saba. Wenzangu mliofundisha kwetu mnajua mzazi angefika shuleni na nini mwanawe akiambiwa asugue choo si kwa adhabu. Hapa ni ratiba, kama hesabu.

Shida yangu ilikuwa nguruwe. Yumo kwenye supu, kwenye kari, kwenye tambi, amekatwa vipande vidogo usimjue. Mwezi wa kwanza nilikula wali na maziwa, nikasema nimeshiba. Sikutaka kuwa mgeni mwenye masharti. Mwezi wa pili, mwalimu wa lishe, ambaye tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, aliniletea ratiba ya chakula ya mwezi mzima. Amezungushia duara jekundu kila sahani yenye nguruwe, hata penye mchuzi uliotiwa mfupa wake, na kijani kila ninachoweza kula. Hakuna aliyemwomba. Sijui alijuaje, nadhani alitazama sahani zilizorudi. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi karatasi iko mezani kwangu, kando ya ile mashine.

Ramadhani ya mwaka huu niliendelea kukaa nao darasani saa ya chakula, bila sahani. Mwalimu wa darasa la sita aliwaeleza. Mvulana aliyekaa mbele yangu alifikiri kidogo, akageuza kiti chake, akanipa mgongo, akala amekumbatia trei yake. Nilidhani ni dharau. Mwenzake akanieleza kwamba hataki nione, nisije nikatamani.

Juzi, kabla ya bahasha, mwalimu wa darasa la tano aliitwa kwenye simu katikati ya kipindi. Dakika 15. Ratiba ilikuwa kusoma maneno ya Kiingereza, na watoto walikuwa wanateseka. Hawa hujifunza herufi za Kirumi wakiwa darasa la tatu, kwa ajili ya kuandika Kijapani, kwa hiyo wakiona "name" wanasoma na-me, "take" wanasoma ta-ke, halafu wanaambiwa wamekosea. Nikafuta ubao. Nikaandika karibu, samaki, kesho, nyumba, kitabu. Nikanyamaza.

Wakasoma. Wote, mara moja, kama watoto wa Kisauni. Vokali zetu tano ndizo zao. Nikaandika kasa, wakacheka, kwao ni mwavuli. Nikawachorea kasa wa baharini mgongoni mwa wimbi. Nikaandika kuni, wakasema ni nchi. Nikachora jiko la mafiga matatu. Kuna mtoto mmoja wa nyuma ambaye sijawahi kusikia sauti yake mwaka mzima. Alisimama bila kuitwa akasoma ubao mzima, juu hadi chini, kisha akauliza: lugha hii, sensei, huwa haidanganyi? Nikamwambia husomwa ilivyoandikwa. Akaketi, akaanza kunakili.

Dakika 15. Mwalimu aliporudi alisimama mlangoni akasikiliza, na hakufuta ubao hadi kengele.

Hizo hazimo kwenye mkataba, na hazikunilipa hata yeni moja ya zile 101,200. Kwa hiyo kaka, ukisoma hapa: mwezi ujao nitatuma 40,000, na kwa jina la mama. Mwende naye dukani kwa wakala, umfundishe kubonyeza, uwe na subira. Cheti changu cha kuzaliwa kiko kwenye kile kisanduku cha bati chini ya kitanda chake, mnipigie picha pande zote mbili.

Awamu ya kwanza, 26,200, nimelipa leo njiani, kwenye duka la saa ishirini na nne. Ratiba ya Julai imeshafika. Nguruwe yumo siku tano, na siku hizo nitabeba chapati na maharagwe ya nazi.