Makongamano ya wakimbizi, na barua ya mchungaji

Wadogo zangu wa chuo wanaoandika tasnifu kuhusu wakimbizi wananiuliza swali lilelile: dada, haya makongamano unayapata wapi, na makala za bure ni zipi? Nimechoka kujibu mmojammoja kwenye WhatsApp. Nitajibu hapa mara moja, ila mnivumilie, maana kila nikianza kutaja vyanzo huishia kugombana navyo.

Mjue kwanza nasimama wapi. Mimi ni mzaliwa wa Ulyankulu, Tabora. Babu na bibi walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, mauaji yalipoanza mwishoni mwa Aprili. Wenzao walipelekwa Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 pakafunguliwa Mishamo kwa sababu Ulyankulu palikuwa pamejaa. Kwetu tunasema makazi, hatusemi kambi. Watu walifyeka miombo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakasomesha watoto. Lakini kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali. Mwaka 2007 tukaulizwa: mnarudi au mnataka uraia? Kati ya watu kama 218,000 wa makazi yote matatu, takribani asilimia 80 walitaka uraia. Kufikia 2010 zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa, lakini vyeti havikutoka. Serikali ilitaka kwanza tuhame, tutawanyike mikoani. Baadaye ikabadili msimamo, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Katikati hapo tulikuwa raia wa kwenye orodha. Mama alikitia chake kwenye mfuko wa nailoni, akakikunja ndani ya kanga, na hadi leo ukikiomba lazima useme unakipeleka wapi.

Haya, vyanzo. Anzeni na Forced Migration Review, jarida linalotolewa na Kituo cha Taaluma za Wakimbizi cha Oxford, kile alichokianzisha Barbara Harrell-Bond mwaka 1982. Ni la bure kabisa, makala zake ni fupi, na hazikuzamishi kwenye nadharia. Toleo la 48, la Novemba 2014, kwa sehemu kubwa linahusu dini na watu waliofurushwa makwao. Hutoka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiarabu. Kiswahili hakimo, pamoja na wakimbizi wote wanaokizungumza kuanzia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma hadi ya Kakuma, Kenya. Nimekwisha kulalamika, naendelea.

Journal of Refugee Studies, lililoanza 1988, ni la kulipia. Kabla ya kutoa pesa, muulizeni mkutubi kama chuo chenu kimo kwenye Research4Life, mpango unaofungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida ya namna hiyo. Wanafunzi wengi wanahangaika kuomba makala kwa watu wa nje ilhali nywila iko kwa mkutubi. Na walioko Dar es Salaam wasisahau chumba cha East Africana pale maktaba kuu ya Mlimani. Huko mna tasnifu na ripoti ambazo intaneti haizijui.

Sasa ugomvi wangu. Ukisoma toleo lile la 48, na ukisikiliza semina nyingi, dini inaingia mlangoni ikiwa imebeba blanketi. Kanisa linagawa unga, msikiti unapokea wageni, shirika la kidini linachimba kisima. Sidharau. Makazi yetu yalijengwa kwa sehemu kubwa na TCRS, shirika lililoanzishwa 1964 chini ya Walutheri wa dunia, na maji niliyokunywa utotoni yalitokana na kazi za namna hiyo. Lakini anayepokea blanketi naye ana dini. Alikuja nayo. Wapentekoste wa Uswidi walikuwa Burundi tangu miaka ya 1930, na muongo huohuo walikuwa wameshafika pia upande wa Tanganyika. Kwa hiyo bibi yangu alipofika Tabora alikuwa mgeni wa nchi, mgeni wa udongo, mgeni hata wa mboga, lakini kanisani hakuwa mgeni. Alikuta ibada anayoijua, inaendeshwa kwa lugha asiyoijua. Kiswahili alijifunzia kwenye kwaya.

Na kwaya ndiyo iliyotutangulia mjini. Watu wa umri wangu mnaikumbuka kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13. Hiyo barabara ya 13 si jina la kitume, jamani. Makazi yalipimwa kwa barabara zenye namba, na watu wakaitana kwa namba hizo: huyu wa ya tisa, yule wa kumi na tatu. Nilipokuwa bwenini, wenzangu waliimba nyimbo za kwaya hiyo wakifua siku ya Jumamosi, na hakuna aliyewahi kujiuliza waimbaji wale ni raia wa wapi. Mimi nilijua, nikakaa kimya nikaimba sauti ya pili.

Kimya hicho kina kitabu chake. Marc Sommers alikaa na vijana wa Kirundi, mafundi cherehani, waliotoroka makazi kwenda Dar es Salaam, na mwaka 2001 akachapisha Fear in Bongoland. Vijana wale walijificha, wakajiita watu wa Kigoma, na walifika mjini kwa mkono wa mtandao wa Wapentekoste wenzao. Kabla yake kuna Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980 na kutoa Purity and Exile mwaka 1995. Yeye aliona kwamba wa Mishamo waliishika historia yao ya Uhutu kwa nguvu, na wa mjini wakajichanganya na watu wengine hadi lile jina la ukimbizi likawa mzigo usio na faida. Wote wawili wasomeni. Ila Malkki msome mkijua kwamba watoto wa Mishamo wa leo hawaongei kama wazee aliowasikiliza. Nimekaa kwenye semina mtu akatueleza sisi wa 2020 na kitu kwa kitabu cha 1995, na mwenyekiti wa kikao akamshukuru.

Kitu ambacho sijakikuta kimeandikwa vya kutosha ni barua. Mshirika akihama, mchungaji humwandikia barua ya utambulisho: huyu ni wetu, amebatizwa, ameoa, hana kesi kanisani, mpokeeni. Huandikwa kwa mkono, hupigwa muhuri wa kanisa. Mjomba wangu alikwenda Mwanza miaka ya tisini na karatasi mbili mfukoni. Ya kwanza ni kibali cha kutoka makazi, na siku zake zilikwisha. Ya pili ni barua ya mchungaji, ambayo haina tarehe ya kwisha. Kwa barua ile alipata chumba, akapata kazi ya kushona, akapata na mke. Ninaposikia maprofesa wakibishana kuhusu mtu anakuwaje wa mahali, naiwaza barua ile, na nawaza pia kwamba asiyekuwa mshirika wa kanisa lolote, au aliyetengwa kwa kesi ya ulevi, hakuandikiwa. Upande huo nao uandikwe. Kanisa letu liliwafungulia watu mlango, na kuna waliofungiwa.

Makongamano: Chama cha kimataifa cha watafiti wa uhamaji wa kulazimishwa, IASFM, huwa na mkutano mkubwa kila baada ya miaka michache. Mwaka 2011 ulifanyika Kampala, basi moja tu kutoka Mwanza. Ukisikia umekuja tena karibu hivyo, kimbilia. Mtandao wa LERRN, ulioko Chuo Kikuu cha Carleton, Canada, unafanya kazi na Tanzania, Kenya, Jordan na Lebanon, na semina zake za mtandaoni ni za bure. Mchana wa kule ni usiku wetu, kwa hiyo wekeni bando na chaji mapema, na mkiuliza swali liandikeni kabla umeme haujakatika. Anayependa historia atafute taarifa za kongamano la Afrika nzima kuhusu wakimbizi lililofanyika Arusha, Mei 1979. Miaka hiyohiyo watu wetu walikuwa wakipakiwa kutoka Ulyankulu kwenda kuanza upya Mishamo, na ni zoezi zuri kusoma karatasi za Arusha huku ukimsikiliza mtu aliyekuwa kwenye malori hayo.

Kuhusu viza sina ushauri. Ubalozi mmoja ulininyima nikiwa na barua ya mwaliko na tiketi iliyolipiwa na waandaaji, eti hawana hakika kama nitarudi nyumbani. Nilicheka hadi mume wangu akaja kuangalia kuna nini.

Mwaka huu kuna kongamano lenye kikao kizima cha dini, nami nimetuma ikisiri, yaani muhtasari wa mada yangu, kuhusu barua za utambulisho. Wazee wa kanisa wameniruhusu kupiga picha nakala walizonazo, mradi majina yafunikwe, na zile za wenye kesi nisiziguse kabisa hadi wahusika au watoto wao wakubali wenyewe. Ikisiri ikipokelewa nitawasilisha kwa Zoom. Ikikataliwa, mzee wa kanisa amesema niisome kwetu Jumapili, baada ya matangazo, ila nisizidishe dakika kumi.