Kitanda cha eksirei na swali la bibi

Leo tarehe 8 Novemba, siku yetu maradiografa duniani, yani sisi wapiga picha za eksirei, wanafunzi wananitumia meseji za pongezi toka alfajiri, nimefurahi sana jamani, ila siku nzima namuwaza bibi mmoja.

Ilikua kabla sijaanza kufundisha chuo, bado niko hospitali kwenye zamu za usiku. Bibi kaanguka bafuni, tunahisi nyonga imevunjika, mwembamba mpaka mifupa ya mgongo unaihesabu. Nikampa shikamoo, tukamlaza kwenye kile kitanda kigumu, nikamwambia bibi usitikisike, bana pumzi, nikakimbilia nyuma ya kioo. Picha yenyewe ni kufumba na kufumbua tu lakini kumpanga, kubadilisha kaseti, kile kibao cha kunasia picha, kurudia ile iliyotoka vibaya, kumsubiri daktari aje aangalie, karibu nusu saa ikakatika na bibi yuko palepale. Tulipomgeuza ngozi ya kwenye kifandugu ilikua imebonyea na kubadilika rangi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hiki kitanda nyie mshawahi kukilalia?"

Sikuwahi. Miaka yote ile.

Zamu ilipoisha nikazima mashine nikalala dakika 20 bila kujigeuza. Kisogo ndo kilianza kuuma, kikafuata kifandugu, halafu visigino, yani kila penye mfupa ulio karibu na ngozi. Na mimi nilikua kijana mzima, sijavunjika chochote.

Swali lile ndo lilinirudisha shule, na mpaka leo utafiti wangu ni godoro la kitanda cha eksirei. Watu wanadhani ni kuchukua sponji na kuitandika, kumbe sponji ikimeza mionzi mashine inabidi itoe mingi zaidi na anayeibeba ni mgonjwa. Ukiweka zipu au mshono kati, mstari wake unaweza kutokea kwenye picha, daktari akahangaika nao. Kava lisipitishe damu wala mkojo, livumilie dawa ya kusafishia kila siku, na hapo ndo tulipokwama muda mrefu mana kava likiwa gumu linakaza kama turubai lililovutwa, mgonjwa anaelea juu yake na sponji chini haina kazi.

Röntgen, yule aliyegundua eksirei, alipompiga picha ya mkono mkewe Desemba 1895, yule mama alituliza mkono kama dakika 15. Siku hizi mashine inahitaji chini ya sekunde, na kwa kweli ni kazi kubwa imefanyika, ila hizo dakika nyingine zote mgonjwa bado amelala pale na mwili wake, na hizo huwa hatuziandiki popote.

Wiki ijayo napokea mwaka wa kwanza. Kabla sijawaonyesha hata swichi, mashine ikiwa imezimwa, kila mmoja atapanda kitandani dakika 20, mimi nimekaa pembeni na saa, namuuliza wapi panauma.