Mtoto Akikosea Jibu Darasani

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Jinja, Uganda, na kila matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotangazwa, wazazi huniuliza ni wanafunzi wangapi wamepata daraja la kwanza. Ni haki yao kuuliza, maana karo hupatikana kwa jasho. Swali ninalolitamani, ambalo huulizwa kwa nadra, ni hili: mtoto akikosea jibu, mwalimu hufanya nini?

Katika mji wa Ypsilanti, jimboni Michigan nchini Marekani, watoto 123 wa familia maskini wamefuatiliwa tangu miaka ya 1960. Baadhi yao waliingizwa katika shule ya awali ya Perry, ambako kila siku mtoto alipanga mwenyewe kazi yake, akaifanya, kisha akaeleza alichokifanya, na mwalimu aliwatembelea wazazi nyumbani kila wiki. Alama za vipimo vya akili zilipanda mwanzoni, zikaja kushuka hadi kulingana na za wenzao ambao hawakusoma pale, na anayeamini alama peke yake angesema juhudi zile zilipotea bure. Walipofikia umri wa miaka 40, waliosoma Perry walikuwa na kipato kikubwa zaidi, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi.

Hapa kwetu, sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni, ingawa fimbo bado ipo katika madarasa mengi. Utafiti wa shule 42 za msingi wilayani Luwero, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba shule nzima ikijifunza nidhamu isiyo na kipigo, ukatili wa walimu hupungua sana, na watoto hujisikia salama zaidi. Alama zao za masomo hazikubadilika, lakini kwangu mimi hilo halipunguzi thamani ya kazi ile hata kidogo, kwa sababu mtoto anayeogopa fimbo hujifunza kunyamaza, na mazoea ya kunyamaza huenda naye hadi ukubwani.

Najua madarasa yamejaa tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 1997, na kumsikiliza kila mtoto ni kazi nzito. Hata hivyo, kumuuliza aliyekosea, "Umefikaje hapo?" hakuhitaji fedha wala vitabu vipya. Mzazi anayetafuta shule aombe kukaa nyuma ya darasa la pili kwa kipindi kimoja, asikilize kama watoto wanauliza maswali, na aangalie aliyekosea kama ananyoosha mkono tena.